Imebaki Vifungo Tu

Ungeisikia "Amina" ya mzee yule siku ya Jumapili, ungesema huyu amekwisha kata tiketi ya mbinguni, tena ya kiti cha dirishani. Ilikuwa Amina ya kutoka tumboni. Watoto waliosinzia walishtuka, na mchungaji aliyekuwa bado na maombi mengine kifuani alijikuta amefika mwisho bila kupenda. Kanisani wakampa jina la Mzee Amina. Alikuwa mzee wa kanisa, alikaa benchi la mbele, na akisimama kuwaonya vijana juu ya uongo, sauti ilimtetemeka kwa uchungu.

Mtaani walimwita Kesho, ila si mbele yake.

Maana Jumatatu mpaka Jumamosi alikuwa fundi cherehani. Na ufundi alikuwa nao, tusimnyime haki yake. Suti yake ikikukaa, hata adui yako atakuuliza umeshonea wapi. Ubaya wake ni kwamba neno "hapana" lilimkwama kooni. Kila kitambaa kilicholetwa alikipokea, akampima mwenye nacho, akakitupia kwenye gunia chini ya meza, na humo kikaanza kuzeeka. Mwenyewe akija kuulizia, alijibiwa kwa upole, kwa sauti ya mtu aliyetoka kufunga na kuomba: "Yako tayari, ndugu yangu, njoo kesho. Imebaki vifungo tu."

Vifungo! Jamani, nguo yenyewe haijaonja mkasi! Lakini fundi alikuwa na mbinu zake. Akisikia viatu vya mteja vinakaribia, alikamata kitambaa chochote kilicho karibu, akakisukuma chini ya sindano na kukanyaga cherehani kwa kasi, krrrr, krrrr, bila uzi. Mteja alimwona mtu anatokwa na jasho, akamwonea huruma, akaenda zake. Kama hakukuwa na kitambaa karibu, fundi alijitosa kwenye kijichumba cha kona, kile cha kupimia nguo, akavuta pazia na kutulia humo mpaka hatari ipite.

Sasa sikia ubaya wa neno hilo la vifungo. Fundi hakuwa anashona vifungo. Vidole vyake vilikuwa vinene, kifungo kikimponyoka kinaviringika hadi barabarani. Aliyeshona vifungo ni mkewe. Alikuwa na kigoda chake mlangoni, kopo lake la vifungo na sindano mdomoni, na mkono wake ulikuwa mwepesi: shati zima alilimaliza kabla chai haijapoa. Mara nyingi alikaa tu, mikono mapajani, akingoja nguo ambayo haijakatwa. Wateja wakipita wanamwona amekaa. Na ndani wameambiwa imebaki vifungo. Wewe ungefikiri nini?

Basi wakamwita Mama Vifungo, na si kwa sifa.

Jumatano moja mchana mchungaji alikuja. Miezi mitatu nyuma alikuwa ameleta kitambaa cheusi, kizito, kizuri, cha kushonewa joho jipya. Fundi aliona viatu vyake kwa mbali. Kitambaa cha karibu hakikuwapo, akaruka nyuma ya pazia.

"Bwana asifiwe, mama," mchungaji akamsalimu yule mama pale mlangoni.

"Amina, Mchungaji."

"Mzee yupo?"

Mama alinyoosha kidole kimya kimya. Chini ya pazia, ndala mbili zilikuwa zimesimama zimeelekea ukutani.

"Mzee," mchungaji akasema, "naona miguu yako. Unafanya nini humo?"

"Najipima, Mchungaji!"

Alitoka akijifuta uso. Mchungaji naye alikuwa na jasho la njiani, akashika pembe ya pazia, akajipangusa nalo paji la uso, akalitazama.

"Pazia zuri hili. Linafanana kabisa na kile kitambaa changu."

"Vitambaa vina ndugu, Mchungaji," fundi akajibu haraka.

Ndugu gani! Lilikuwa ndilo. Pazia la zamani lilichanika, kitambaa cha joho kilikuwa kimelala guniani, na fundi akajiambia kwamba kitambaa kikining'inizwa hakikunjamani, kwa hiyo ni kumsaidia tu mchungaji, siku mbili tatu. Baadaye wateja wakawa wanakosea wanadhani ni njia ya kutokea nyuma, akachukua rangi nyeupe ya mafuta iliyobaki alipopaka madirisha, akaandika juu yake kwa herufi za kutosha: CHUMBA CHA KUPIMIA.

"Na joho langu?" mchungaji akauliza.

Mdomo wa fundi ukajifungua wenyewe, kwa mazoea. "Tayari, Mchungaji. Imebaki vifungo tu."

"Haleluya!" Mchungaji akapiga makofi. "Nilijua, mzee wa kanisa hawezi kuniangusha. Mimi lile la zamani nimekwisha mpa mwinjilisti anayehamia parokia ya mbali, ameondoka nalo asubuhi hii. Jumapili tuna ubatizo na Baba Askofu anakuja. Na wewe ndiye utakayetoa neno. Kichwa chake ni Mkristo na Ulimi Wake. Nani mwingine angeliweza?"

Fundi alijaribu kutabasamu. Kifungo cha tumboni cha shati lake mwenyewe kikaona mambo makubwa, kikaruka, kikapotelea chini ya cherehani.

Wakati wa kutoka, mchungaji alisimama mbele ya yule mama, akamwekea mkono begani. "Mama, usikate tamaa. Akina mama wenzako wanakuombea kila Alhamisi. Vifungo si mlima. Utashinda."

Mama aliitoa sindano mdomoni polepole. "Wananiombea nini, Mchungaji?"

"Lile tatizo lako la... la kuchelewesha." Mchungaji akashusha sauti. "Roho ya uvivu, mama, hutoka kwa maombi."

Mchungaji alipokwisha ondoka, fundi akainama kutafuta kifungo chake chini ya cherehani, na alikitafuta kwa muda mrefu kuliko ilivyohitajika.

"Baba," mkewe akasema, "inuka."

Akainuka.

"Naombewa. Kila Alhamisi. Ndiyo maana nikiingia kwenye kikundi wananyamaza na kunishika mikono! Ndiyo maana yule mwenyekiti akanipaka mafuta vidoleni, nami nikamshukuru nikidhani ni upendo!" Machozi yalikuwa yanamlenga, lakini hasira iliyazuia. "Mimi, niliyelelewa na mama asiyejua kukaa kitako, leo nina pepo la vifungo!"

"Mama, ni maneno ya biashara tu. Kila fundi husema hivyo."

"Kila fundi si mzee wa kanisa. Na kila fundi hana mimi mlangoni." Akafunika kopo lake la vifungo, akalipakata. "Sasa sikiliza. Kuanzia leo sishoni kifungo hata kimoja. Sio cha joho, sio cha shati lako hilo linaloonyesha kitovu. Mpaka utakaposema ukweli kanisani, mbele ya wale wanaoniombea. Na usiposema, usitegemee nitakaa benchi moja na wewe tena. Utakaa na Amina yako."

Fundi alijaribu kucheka. Mkewe hakucheka. Akajaribu kunukuu jambo juu ya utii wa mke, akaangaliwa kwa jicho moja tu, akayameza maneno.

Kazi ilianza hapo hapo. Fundi alilishusha pazia, akaliloweka, akalisugua. Jasho la wateja lilitoka. Alama ya vidole vya muuza mandazi, aliyependa kulishika wakati anavua, ilitoka. Rangi ya mafuta haikutoka. Akalisugua kwa sabuni, kwa mafuta ya taa, kwa majivu, na mwishowe kwa maombi, nazo herufi zikazidi kung'aa kama zimesingwa. Akaligeuza nje ndani, lakini rangi ilikuwa imepenya. Alipiga hesabu ya kukwepesha maneno yale wakati wa kukata, ila mchungaji alikuwa mtu mwenye mwili wake, kitambaa kikawa hakina ziada hata ya kufunika mbu. Popote alipokata, maneno yaliangukia katikati ya mgongo.

Jumamosi adhuhuri joho lilikuwa limelala juu ya meza, zuri ajabu, limeandikwa CHUMBA CHA KUPIMIA mgongoni.

Ndipo shetani, ambaye naye ni fundi, akamletea wazo. Fundi akachukua kipande cheupe, akakata msalaba. Msalaba mkubwa, mpana, mnene kuliko misalaba inavyokuwa, akaushona juu ya yale maneno mpaka hakuna herufi iliyochungulia. Akalining'iniza joho ukutani, akarudi nyuma, akalitazama. Lo! Lilipendeza kuliko alivyotarajia. Karibu aamini mwenyewe kwamba alilipanga hivyo tangu mwanzo.

"Mama, njoo uone," akaita kwa furaha. "Bwana amefanya njia."

Mkewe alikuja, akalishika, akapapasa msalaba kwa vidole vyake vya kazi, akahisi ugumu wa rangi chini yake. 

"Baba," akasema taratibu, bila hasira safari hii, "hata msalaba umeufanya kiraka?"

Afadhali angepiga kelele. Fundi alikaa kwenye kiti chake, juu ya mto wake wa kitambaa cha zambarau, na mara mto ukawa haukaliki. Akajisogeza huku, akajisogeza kule. Chakula cha jioni kilipoletwa alisema ameshiba, na ilijulikana mtaa mzima kwamba mtu yule hajawahi kushiba kabla ya chakula.

Lakini uoga ni uoga. Jumapili alfajiri alijaribu kushona vifungo mwenyewe. Cha kwanza kilimtoroka, cha pili alikishona pamoja na mkono wa shati lake, kwa cha tatu sindano ilimchoma hadi akataja neno ambalo wazee wa kanisa hawalitaji. Akakata tamaa, akachukua vifungo vyote kwenye karatasi, akabana shati lake kwa pini mahali pa kitovu, akaenda kanisani na joho begani.

Ofisini kwa mchungaji, joho lilivaliwa. Mchungaji aligeuka mbele ya kioo, akauona msalaba mgongoni, macho yakamlowa. "Mzee! Hata sikukuagiza msalaba!"

"Ni... ni nyongeza, Mchungaji."

"Mungu akubariki." Kisha akatazama mbele. Joho lilikuwa wazi toka shingoni hadi miguuni. "Na vifungo?"

Maskini fundi. Miaka yote alisema imebaki vifungo tu na ilikuwa uongo, na leo ambapo ni kweli, mdomo ulikuwa mkavu. Mchungaji akatikisa kichwa kwa huruma. "Ni mama tena? Mpaka leo?"

Hapo ndipo pa kusema. Ilikuwa sentensi moja tu, mlango umefungwa, msikilizaji ni mmoja. Fundi akafungua mdomo.

"Tuvumiliane naye, Mchungaji," akasema. "Tuzidi kumwombea."

Mlango haukuwa umefungwa. Mkewe alikuwa amesimama hapo na kikopo cha pini, maana hata katika mgomo hakutaka mchungaji aaibike. Aliziweka pini mezani, moja moja, akamtazama mumewe. Wala hakuwa na uso wa hasira. Alikuwa na uso wa mtu aliyekuwa akingoja jambo na sasa amejua haliji. Akatoka. Fundi alitamani ardhi ipasuke, au angalau pawe na pazia.

Ibada ikaanza. Baba Askofu alikuwa amekaa mbele na kofia yake ndefu. Mchungaji alibanwa kwa pini kila mahali na alitembea kwa tahadhari kama aliyebeba mayai. Wimbo ukaimbwa, maombi yakaombwa, na Amina ikafika. Watu wakatega masikio kungoja mlipuko wa mbele. Ukatoka mlio mdogo, kama wa kifaranga. Wakageuka kutazama kama mzee anaumwa.

Kisha akaitwa kutoa neno. Alipanda madhabahuni, akafungua kinywa kuanza juu ya Mkristo na Ulimi Wake, na akamwona mkewe. Hakuwa benchi la mbele. Alikuwa la mwisho kabisa, karibu na mlango, kopo la vifungo mapajani, kitenge kimekazwa kiunoni kama mtu wa safari. Pembeni yake wanawake wawili walikuwa wamemshika mikono kwa upole, wamefumba macho, wanamwombea vidole.

Lile jambo lilimwingia fundi mahali ambapo mahubiri yote hayakuwahi kufika.

"Mwachieni," akasema.

Wale wawili wakafumbua macho.

"Mwachieni mke wangu, jamani. Hana pepo. Mwenye pepo ni mimi." Sauti ilimtetemeka, na safari hii haikuwa ya kupangwa. "Vifungo havijawahi kuchelewa. Hakuna nguo ya mtu hata moja iliyobaki vifungo. Nguo zenu sijazikata. Ziko kwenye gunia. Nawadanganya nyinyi, halafu nakuja hapa kuwafokea watoto wenu wasidanganye. Na leo asubuhi, ofisini kwa mchungaji, nimemsingizia tena. Mama, nisamehe. Wewe ni mchapakazi. Mimi ndiye mvivu, tena mwoga."

Halafu, benchi la katikati, kijana mmoja akasimama.

"Mzee, na suti yangu ya harusi?"

"Mwanangu, harusi yako si ilikwisha pita?"

"Ilipita nimevaa ya shemeji! Suruali ilinifika magotini!"

"Sijaikata," fundi akasema. "Nisamehe."

Ikawa kama bomba limepasuka. "Na gauni langu?" "Sijalikata." "Na sare za kwaya?" akauliza mwalimu wa kwaya. "Mbili nimekata, mwalimu, lakini nimekata mikono mitatu ya kushoto." "Na ile sketi ya marehemu shangazi?" "Dada, samahani, alikwisha fariki?" "Alifariki akiisubiri!" Watu wakaanza kucheka, wengine kwa hasira, wengine hawajui kwa nini, na mzee mmoja kiziwi akawa anainua mkono tu kila mara akidhani ni harambee.

Kelele zilipopungua kidogo, Baba Askofu alikohoa.

"Na mimi je? Mwaka juzi nilikuachia kitambaa cha zambarau."

Fundi alishika kichwa. "Baba Askofu... hicho ndicho ninachokalia."

"Unakalia?"

"Ni mto, Baba Askofu. Mto wa kiti changu."

Askofu alimtazama. Mashavu yakaanza kumcheza, bega likafuata, kisha akacheka mpaka kofia ikamlalia sikioni na mchungaji akakimbia kumshikilia. Ndipo pini ya kwanza ilipochomoka.

"Ngoja, Mchungaji, usitembee," fundi akasema. "Bado lako. Joho hilo ni lile pazia la dukani kwangu."

Mchungaji alisimama wima. "Lile nililojifutia jasho?"

"Ndilo hilo. Na huo msalaba si zawadi. Nimeuweka kufunika maneno."

Kicheko kikakatika. Mchungaji alikuwa mpole, lakini huo msalaba ulikuwa umemtoa machozi, na kila mtu aliona kwamba ameumia. Akamgeuzia fundi mgongo.

"Ubandue," akasema. "Wa kufunikia siutaki."

Fundi aliubandua, nyuzi zikilia moja moja. Kanisa zima likasoma kwa sauti, watoto wakiongoza: CHUMBA CHA KUPIMIA. Na mchungaji, Mungu amjalie, akajitazama kwa nyuma alivyoweza, akaguna. "Haya. Watoto wanangoja maji. Nitabatiza hivi hivi. Tatizo ni moja tu." Akainua mikono, pini tatu zikaanguka, joho likafunguka mpaka miguuni. "Imebaki vifungo."

Vichwa vyote viligeuka kwenye benchi la mwisho.

Mama alikaa kidogo, makusudi. Wale wawili waliokuwa wakimwombea waliiachia mikono yake haraka kama imekuwa ya moto, na mwenyekiti wa akina mama akaanza kutafuta kitu muhimu sana kwenye mkoba wake. Kisha akasimama. Akatembea katikati ya kanisa na kopo lake, bila haraka, vifungo vikilia ndani kwa kila hatua. Akapiga goti mbele ya mchungaji, akatunga uzi mara moja tu bila kukosea, akaanza shingoni kushuka. Kwaya ilianza wimbo ili kupoteza muda. Haijafika ubeti wa pili, akakata uzi kwa meno.

"Tayari," akasema.

Mchungaji akavuta joho kushoto, akavuta kulia. Halikujongea. Watu wakapiga makofi na vigelegele, na mwenyekiti wa akina mama akalia kwa sauti na kuomba msamaha mbele ya wote. Mama akamsamehe, ila alimwambia yale mafuta ya vidoleni yalikuwa yananuka.

Kisha akageuka kuwatazama watu, mkono kiunoni, sindano tayari. "Nani mwingine hapa amebaki vifungo tu?"

Hakuna aliyethubutu. Isipokuwa mkono mmoja, ulioinuka taratibu pale madhabahuni. Fundi alikuwa ameshika tumbo la shati lake, maana pini yake nayo ilikuwa imechomoka, na kitovu kilikuwa kinamtazama Baba Askofu.

"Mimi, mama," akasema kwa sauti ndogo. "Na kweli ni kimoja tu."

Mkewe alimkagua kutoka juu hadi chini. Akairudisha sindano kwenye kopo, akafunika, akaenda kukaa benchi la mbele, mahali pake pa siku zote, akamwachia nafasi pembeni.

"Wewe," akasema, "njoo kesho."